Safu Iliyojazwa Kabla Maji Hayajachemka

Maji hayakuwa yameanza hata kutoa mvuke, lakini safu ya mwisho ya jedwali la mwanafunzi wangu ilikuwa imeshajaa. "Rangi ilibadilika kutoka bluu ikawa kijani, manjano, rangi ya chungwa, mwishowe nyekundu ya matofali. Sukari ipo." Mwandiko safi, mistari imenyooka, kalamu imeshafunikwa na kuwekwa pembeni.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Neli ya majaribio ilikuwa bado mkononi mwake, baridi.

Maji yakachemka. Akaitumbukiza neli, akasubiri. Dakika tano zikapita, akaongeza nyingine. Bluu. Bluu ileile iliyotoka kwenye chupa ya kitendanishi cha Benedict, dawa ya kupimia sukari, haijapauka hata kidogo. Akaitazama neli, akalitazama daftari, akairudia neli, ndipo akageuka.

"Mwalimu, hii dawa imeharibika?"

"Utajuaje?"

Akafikiri. Akaenda meza ya pili kuomba mmumunyo wa glukosi, akaupima kwa dawa ya chupa ileile. Baada ya dakika chache wekundu ukajaa kwenye neli. Dawa ilikuwa nzima. Nikajisemea moyoni, huyu ameiva, sasa anakwenda kusahihisha jedwali.

Kengele ikalia, nikakusanya madaftari. La kwake nililifungua kabla ya mengine yote.

Safu ya mwisho haikuguswa. Nyekundu ya matofali.

## Neli ilikuwa sahihi

Ni majuma kadhaa sasa jambo hili linanikereketa. Angekuwa mvivu, nisingehangaika. Lakini huyu alifanya kile ambacho watu wazima wengi hawakifanyi: alishuku dawa, akabuni namna ya kuipima, akapata jibu. Kisha akaliacha jibu lake mezani na kukabidhi la kitabu.

Sampuli aliyopewa ilikuwa sukrosi, yaani sukari ya kawaida, iliyoyeyushwa kwenye maji. Kitendanishi cha Benedict kina ioni za shaba, na hizo ndizo zinazokipa ubluu. Glukosi ikipashwa moto nacho, inazipa ioni hizo elektroni, na shaba inatuama ikiwa oksaidi nyekundu. Sukrosi ni glukosi na fruktosi zilizoshikana, tena zimeshikana palepale kwenye sehemu zao zenye uwezo wa kutoa elektroni. Haina cha kutoa. Ukitaka wekundu, uichemshe kwanza na asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa ili kifungo kikatike, uiache ipoe, utie bikabonati ya sodiamu mpaka povu likome, maana dawa hii haifanyi kazi penye asidi. Ndipo urudie kipimo.

Kwa hiyo bluu ile haikuwa kushindwa kwa jaribio. Ilikuwa taarifa. Ilikuwa inamwambia si sukari zote zina tabia moja, na kwamba aliyonayo ni ya kundi lile jingine.

Kesho yake nilimuuliza, kwa upole kadiri nilivyoweza.

"Niliona bluu, Mwalimu. Lakini jibu si ni nyekundu?"

Hakuwa anabisha. Alikuwa anauliza kweli.

## Msaidizi aliyejua mno

Nilipokuwa nahangaika na swali lile nilimkumbuka Mendel, mtawa aliyechunguza urithi wa sifa kwa kupanda njegere. Makala yake ilichapwa mwaka 1866, na kila mwanafunzi wa biolojia anazijua mbegu zake: laini 5,474, zenye mikunjo 1,850, uwiano wa 2.96 kwa 1. Tunaliandika ubaoni kama 3 kwa 1 na kuendelea na safari.

Mwaka 1936 Ronald Fisher, bingwa wa takwimu wa Uingereza, aliyapitia mahesabu yale upya na kukuta jambo la ajabu. Matokeo yalikuwa mazuri mno. Si jaribio moja, bali yote kwa pamoja yaliuangukia ule uwiano uliotarajiwa kwa ukaribu ambao bahati nasibu haiutoi.

Mfano mmoja unatosha. Mendel alitaka kujua ni mimea ipi yenye sifa inayotawala iliyokuwa imebeba pia sifa iliyojificha. Kwa baadhi ya sifa, alipanda mbegu 10 za kila mmea. Likitokea hata chipukizi moja lenye sifa iliyojificha, mmea mama unahesabiwa kuwa umeibeba. Sasa piga hesabu. Kila chipukizi la mmea kama huo lina nafasi 3 kati ya 4 ya kutoonyesha sifa hiyo. Machipukizi 10 yote kutoionyesha ni robo tatu ikizidishwa yenyewe mara kumi, sawa na asilimia 5.6. Yaani katika kila mimea 100 iliyobeba sifa hiyo, mitano au sita hivi ilitakiwa iponyoke na kuhesabiwa vibaya. Uwiano wa mimea iliyoibeba kwa isiyoibeba, ambao kinadharia ni 2 kwa 1, ulipaswa kuonekana umepungua chini ya hapo. Wa Mendel uliganda penye 2 kwa 1.

Fisher hakumwita Mendel mwongo. Alikisia kwamba huenda palikuwa na msaidizi bustanini aliyejua vizuri kupita kiasi kile ambacho bwana wake alikitarajia. Wataalamu wamebishana juu ya jambo hilo tangu hapo, na wapo waliomtetea Mendel kwa hoja nzito. Kanuni zake hazijatetereka.

Ila huyo msaidizi wa kukisiwa nimemkuta maabarani kwangu. Ameketi meza ya nyuma, ana mwandiko mzuri, na kalamu yake imeshafunikwa.

## Kitunguu kisicho na kijani

Baada ya hapo nikaanza kumwona kila mahali.

Chukua kazi rahisi kuliko zote: utando wa ndani ya gamba la kitunguu chini ya hadubini. Unaubandua kwa koleo ndogo, unautandaza kwenye tone la maji juu ya kioo, unatonesha iodini, unafunika. Unachokiona ni seli, vyumba virefu vilivyopangana, kuta zake wazi, na katika vingi kiini kidogo chenye rangi ya manjano iliyoiva. Kloroplasti, zile chembe za kijani ambamo mmea hutengeneza chakula kwa mwanga, hakuna hata moja. Kitunguu kinakaa chini ya udongo, nani atamwekea kiwanda cha mwanga?

Sasa kusanya michoro. Nusu ya darasa wamechora kloroplasti. Wamezichora vizuri, umbo la yai, zimesambazwa kwa heshima kuzunguka kiini, kwa sababu "seli ya mmea" iliyoko kitabuni inazo. Wengine wanachora hata mitokondria, sehemu ndogo mno za seli, ambazo hadubini ya shule haiwezi kuwaonyesha kwenye utando ule.

Kisha kuna mapovu ya hewa. Ukikiangusha kifuniko cha kioo bapa, hewa inanaswa chini yake, na mbele ya jicho linatokea duara kamilifu lenye ukingo mweusi mnene. Linavutia kuliko kitu chochote kilichopo pale. Mwaka baada ya mwaka duara hilo linachorwa na kupewa jina la seli. Dawa yake ni kukishusha kifuniko kikiwa kimeinama, ukingo mmoja ukigusa maji kwanza, kisha ukilaze taratibu kwa ncha ya sindano. Hilo linafundishika kwa dakika moja.

Lisilofundishika kwa dakika moja ni kumshawishi mtoto achore vyumba vyake vyenye kuta zilizopinda, viwili visivyoonyesha kiini na kimoja kilichochanika, wakati kitabu kilichofunguliwa kando kina mchoro maridadi wenye rangi.

Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema wahenga. Maabarani anaambiwa, tena kila siku.

## Au nawaonea?

Hapa ndipo nilipokwama muda mrefu, kwa sababu utetezi wa wanafunzi hawa una nguvu.

Kwanza, tunawafundisha wenyewe. Soma karatasi za maelekezo tunazowagawia wanapopima wanga: "Tonesha iodini juu ya jani. Angalia rangi ya bluu-nyeusi." Hiyo siyo amri ya kuangalia. Jibu limeshatolewa, kilichobaki ni mtoto kukubali. Akiona kahawia, ataamini lipi, jicho lake au karatasi iliyochapwa?

Pili, mtihani. Mwalimu mwenzangu niliyemsimulia kisa hiki hakutikisika. "Msahihishaji hayupo maabarani," aliniambia. "Ana mwongozo mkononi. Mwongozo ukisema nyekundu, mwanao akaandika bluu, amekosa alama. Utamlipa wewe?" Sikuwa na jibu la haraka. Mwanafunzi aliyebeba safu yake nyekundu hadi mwisho alikuwa amesoma mazingira yake kwa usahihi kuliko alivyoisoma neli.

Tatu, na hili ndilo zito. Ukimwambia mtoto wa mwaka wa kwanza "andika ulichokiona tu", utapokea takataka nyingi. Jani ambalo halikuchemshwa vya kutosha kwenye spiriti linabaki na ukijani wake, na iodini juu yake haisomeki. Kitonesha kilichotoka kwenye chupa ya wanga kikaingia kwenye chupa ya protini bila kusuuzwa kitakupa wanga kila mahali. Mtoto ameona kweli, ameandika kweli, na kilichoandikwa hakina maana. Kwa hiyo kuna kazi ya mikono inayotangulia: kupasha spiriti kwenye bika ya maji ya moto na moto wenyewe ukiwa umezimwa, kusoma kipimo macho yakiwa usawa wa mstari wa maji, kusuuza, kuweka lebo. Haya ni mapishi, na sioni aibu kuyafundisha kama mapishi.

Nilibaki na swali moja. Bluu ya mwanafunzi wangu, na ukijani wa jani lisilochemshwa, vyote viwili havikutarajiwa. Mtoto atatofautishaje kosa la mikono na habari mpya?

## Brown na chembe zilizocheza

Jibu lilikuwa limeshafanyika mbele yangu, sikuliona tu kwa sababu ya hasira za daftari.

Mwaka 1827 Robert Brown, mtaalamu wa mimea, alikuwa anatazama chavua ndani ya maji kwa hadubini. Chembe ndogondogo zilizotoka ndani ya chavua zilikuwa zinachezacheza bila kutulia. Chavua ni ya kiume, ni ya uzazi. Kila kilichokuwa kichwani mwa mtu wa zama zile kilimwambia anautazama uhai wenyewe. Angeandika hivyo, nani angembishia?

Brown alichukua mimea iliyokufa zamani. Chembe zake zikacheza. Akasaga kioo. Zikacheza. Akasaga mawe, pamoja na kipande cha Sfinksi, ile sanamu ya kale ya Misri. Zikacheza vilevile. Hapo uhai ukaondoka kwenye orodha ya sababu. Maelezo kamili ya kwamba ni molekuli za maji zinazozisukuma chembe hizo yalisubiri hadi karne ya 20, lakini Brown hakuyahitaji ili kujua kipi *sicho*.

Huko ndiko kuweka kidhibiti. Katika madaftari ya shule kidhibiti ni neli ya mwisho kwenye rafu, ile ambayo "haifanyi kitu", inayotiwa maji kwa sababu maelekezo yamesema. Ukiwauliza wanafunzi neli ile ya kazi gani, wengi wanakujibu: ya kulinganisha. Kulinganisha nini? Kimya.

Ile neli ndiyo inayojibu "dawa imeharibika?" Mwanafunzi wangu alipoazima glukosi alikuwa ameweka kidhibiti bila kuambiwa na mtu, tena kidhibiti ambacho hatukukiweka kwenye karatasi ya maelekezo: kile kinachojulikana kuwa kitatoa wekundu. Maji matupu yanakuonyesha dawa haidanganyi kwa kusema ndiyo. Glukosi inakuonyesha haidanganyi kwa kusema hapana. Kimeng'enya kilichochemshwa, kikitiwa kwenye haidrojeni peroksaidi na kisitoe povu, kinakuonyesha povu la neli ya jirani lilitoka kwa kimeng'enya kizima na si kwa kitu kingine kilichokuwemo.

Ukiwa na vidhibiti hivyo, bluu yako inasimama kwa miguu yake. Usipokuwa navyo, hata nyekundu yako ni ya mashaka.

## Nukta iliyokimbia mstari

Tulipofika kwenye osmosisi, yaani maji kuingia na kutoka kwenye seli kupitia utando wake, nikaamua kubadili mpangilio. Vipande vya kiazi, mimumunyo ya sukari ya viwango mbalimbali, mizani. Kazi ni ileile ya miaka yote. Tofauti ilikuwa moja: madaftari yalikuwa na safu mbili, "nilichokiona" na "ninavyodhani maana yake", na ya kwanza ilijazwa kwa kalamu ya wino. Mtu akikosea anakata mstari mmoja, kilichokatwa kibaki kinasomeka.

Kelele zilikuwepo. Daftari linachafuka, walilalamika. Lilichafuka kweli.

Kundi moja lilikuja na hoja kwamba kiazi chao kwenye maji matupu na kiazi cha jirani "vimeongezeka sawasawa", gramu 0.3 kila kimoja. Nikawaomba uzito wa mwanzo. Cha kwao kilianza na gramu 2.0, cha jirani gramu 4.0. Kimoja kimeongezeka kwa asilimia 15, kingine 7.5. Huwa nasema kila mwaka kwamba lazima tutumie asilimia ya badiliko kwa sababu vipande havilingani uzito, na kila mwaka sentensi hiyo inaingia sikio hili na kutokea lile. Safari hii waliibishania wenyewe.

Halafu ikaja grafu. Viwango vya sukari kwenye mhimili wa mlalo, asilimia ya badiliko kwenye mhimili wa wima, mstari unaoteremka kutoka juu ya sifuri hadi chini yake. Pale unapoikata sifuri ndipo mmumunyo wa nje unapolingana nguvu na ule ulioko ndani ya seli: maji yanaingia kadiri yanavyotoka. Ni mojawapo ya nukta nzuri kuliko zote katika biolojia ya shule, kwa sababu hakuna aliyeipima moja kwa moja. Imesomwa kutoka kwenye mstari.

Nukta moja ya kundi lile ilikuwa juu kabisa, haina ndugu. Mkono wa mwandishi wao ulishaanza kuifuata na kifutio.

"Iache," mwenzake akamwambia. "Tuizungushie duara kwanza."

Walirudi kwenye safu ya kwanza. Pale, kwa wino, mmoja wao alikuwa ameandika kwamba kipande cha tatu kilipimwa kikiwa kinadondosha maji kwa sababu karatasi za kukaushia zilikuwa zimekwisha. Ndiyo hiyo. Wakakata kingine, wakakiloweka muda uleule, wakakikausha kama wenzake, na nukta mpya ikakaa karibu na mstari. Kwenye ripoti waliandika zote mbili na sababu ya kuiacha ya kwanza.

Nataka niwe mkweli kuhusu hili: kundi jingine lilikuwa na nukta iliyokimbia namna hiyohiyo, wakairudia, ikakimbia tena. Hatukupata sababu. Waliiacha kwenye grafu ikiwa na duara lake, wakaandika kwamba haijaeleweka. Nikawapa alama zote za sehemu hiyo, na yule mwalimu mwenzangu alipoiona alitikisa kichwa.

## Swali lisilo na mwongozo

Sikubaliani naye, lakini nimelichukua lile alilosema kuhusu msahihishaji. Wanafunzi wangu wanafanya bado majaribio ya wanga na sukari na protini mpaka rangi ziwakae vidoleni, kwa sababu mtihani upo na hautasubiri falsafa zangu. Ila sampuli sasa zina herufi tu, A, B, C, na moja kati yake kila mara ni ile ambayo kitabu hakikuitaja. Maelekezo nimeyaandika upya: "andika rangi kabla, andika rangi baada." Basi.

Na nimeongeza kazi moja ambayo hata mimi sina jibu lake. Walichagua wenyewe swali: kwenye kipande cha nyasi kinachopata kivuli na kile kilicho juani, wapi magugu ya majani mapana ni mengi? Wametengeneza fremu za mraba, nusu mita kila upande. Wa kwanza alitaka kuirusha fremu nyuma ya bega lake akiwa amefumba macho, kama tulivyofanyishwa sote. Wenzake wakamkatalia, kwamba mkono unajua unakotaka kurusha hata macho yakifumbwa. Wametandaza tepu mbili za kupimia zilizokutana kwenye kona, wanachomoa namba mbili kwenye kofia, hatua kadhaa huku na hatua kadhaa kule, fremu inawekwa pale namba zinaposema, hata kama hapana gugu hata moja.

Hapo wakakutana na tatizo ambalo sikuwaandalia. Gugu lililosimama juu ya ukingo wa fremu, nusu ndani, nusu nje, linahesabiwa? Kundi moja lilisema ndiyo kwa sababu lilitaka kivuli kishinde. Jingine likasema hapana kwa sababu hiyohiyo. Mabishano yalikuwa makali, na yule wa safu ya matofali ndiye aliyesema kanuni iwekwe kabla hawajahesabu fremu inayofuata, si baada ya kuona namba. Wameafikiana: linalogusa upande wa juu au wa kushoto linaingia, linalogusa upande wa chini au wa kulia linabaki nje, na fremu zote walizohesabu kabla ya kanuni hiyo zinahesabiwa upya.